UZI: Kufundisha Kiingereza kwa simu moja na spika moja (walimu na wazazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi karibuni)

MwalimuNyando

Habari zenu walimu na wazazi. Nafundisha madarasa ya chini huku bonde la Nyando, kaunti ya Kisumu. Kila mjadala wa teknolojia shuleni ukianza, watu huuliza kwanza shule ina tableti ngapi. Naomba tuanze kwingine: kwa siku nzima mtoto wako anasikia Kiingereza kwa dakika ngapi, na yeye mwenyewe anakitamka kwa dakika ngapi?

Kwa mtoto wa Ahero au Muhoroni, Kiingereza ni lugha ya kigeni, tusidanganyane. Nyumbani ni Kidholuo, sokoni ni Kidholuo na Kiswahili, njiani ni Sheng. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na mitihani yote inajua hivyo. Sera ya elimu inasema Gredi ya 1 hadi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, huku Kiingereza kikiwa somo. Akifika Gredi ya 4 mambo yanageuka: sayansi kwa Kiingereza, hisabati kwa Kiingereza, kilimo kwa Kiingereza. Na lugha hiyo ameisikia katika vipindi vya dakika 30, kutoka kwa mwalimu mmoja aliyesimama mbele ya watoto sitini. Pengo liko hapo, na ndipo kifaa kinapopata kazi ya kufanya.

Suala la nani apewe kifaa lilishachunguzwa hapa hapa kwetu, na inanisikitisha kwamba hatulizungumzi. Mwaka 2013, chini ya mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR, shule za msingi za Kisumu ziliwekwa katika makundi. Katika kundi moja, tableti alipewa afisa anayezunguka shuleni kuwasaidia walimu, wale tuliokuwa tukiwaita TAC tutor. Katika kundi la pili, tableti alipewa mwalimu. Katika la tatu, watoto wenyewe walipewa visomaji vya kielektroniki vyenye vitabu ndani. Kukawa pia na shule za kulinganishia. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule za kulinganishia, lakini kumpa kila mtoto kifaa hakukuleta faida ya ziada inayolingana na gharama yake. Njia ya afisa ndiyo iliyokuwa rahisi kwa bei, maana afisa mmoja anahudumia shule nyingi na watoto wengi.

Tusome, mpango wa serikali wa kusoma kwa madarasa ya chini, ilipoanza nchi nzima mwaka 2015 ilifuata njia hiyo: kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, na tableti kwa afisa wa mtaala, yaani CSO. Mliokuwa darasani mnakumbuka. Afisa anakaa nyuma, anajaza anachokiona, anawaita watoto wachache wamsomee, kisha anakaa na mwalimu kumwonyesha la kurekebisha. Nauli yake ilifuata ziara zilizorekodiwa na tableti yenyewe, kwa hiyo alifika shuleni.

Wakati huohuo serikali ilikuwa na mpango wake wa vifaa vya watoto. Ahadi ya 2013 ilikuwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 zikaja tableti, zilizounganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa nje, zaidi ya vifaa milioni moja kwa shule zaidi ya 20,000. Ni kazi kubwa na siidharau hata kidogo. Lakini nimepita shule ambazo vifaa hivyo vimelala stoo, mlango wa vyuma, kufuli mbili, betri zimekufa, na watoto nje wanarudia "good morning teacher" kwa sauti ileile ya mwaka juzi.

Kwa hiyo nasema hivi. Pesa zikiwa chache, kifaa kikae mkononi mwa mwalimu na sauti ifikie masikio ya darasa zima. Simu ya mwalimu, spika ndogo, memori kadi. Basi.

Nieleze kipindi chenyewe, kwa sababu spika peke yake haifundishi. Kabla ya kucheza chochote nachora ubaoni vitu vitakavyosikika: mwanamke, beseni, samaki, matatu. Watoto wanabashiri kitakachotokea, kwa Kidholuo au Kiswahili, ruksa. Kisha sauti inacheza mara moja, kama dakika moja na nusu, na swali ni moja tu: huyu mama anaenda wapi? Mara ya pili naikata vipande. Sentensi moja, nasimamisha, darasa linarudia. Sentensi nyingine, nasimamisha, safu ya dirishani inajibu swali. Mara ya tatu wanasikiliza maandishi yakiwa mbele yao, kidole kinafuata maneno. Mwisho wanasimuliana wawili wawili, na simu inageuka kinasa sauti: nazunguka, nanasa jozi mbili tatu, kisha nawachezea sauti zao wenyewe. Mtoto akijisikia, hujirekebisha kabla sijasema neno. Nimeona watoto ambao hawakuwahi kuinua mkono wakiomba kunaswa tena.

Faida kubwa iko kwenye kusimamisha. Sauti ikicheza moja kwa moja hadi mwisho, watoto wanakaa kama watazamaji wa mpira: wanafurahi, hawachezi.

Naomba walimu wengine mseme mnachofanya. Wazazi pia.

MstaafuSiaya

Binti yangu, umenifurahisha. Mimi nilishika chaki muda mrefu kabla ya simu hizi, na hilo la kusimamisha sauti lina historia nchini mwetu. Miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio, Radio Language Arts Project, kwa darasa la 1 hadi la 3. Nusu saa kwa siku ya shule. Redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti, kisha redio inataja jibu ili kila mtoto ajipime palepale. Inasema simama, darasa linasimama. Inasema gusa dirisha, wanakimbilia dirisha. Watoto wale walipopimwa, maendeleo yao makubwa yalionekana katika kusikiliza na kuelewa.

Nakumbuka mjadala wa walimu wakati ule: redio itatunyang'anya kazi? Haikumnyang'anya mtu. Mwalimu ndiye aliyezunguka kati ya madawati akisikiliza nani hajibu. Redio ilimwachia mikono na macho yake.

Hata shule zilipofungwa Machi 2020 na masomo ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, yakarushwa kwa redio ya KBC na runinga ya Edu Channel, wajukuu wangu walisikiliza hapa nyumbani. Nilikaa nao. Swali likiulizwa nawaambia "haya, jibuni!" na wanajibu. Nikiwa shambani, walisikiliza wakinyamaza, na jioni hawakuweza kuniambia lolote. Mtoto anahitaji mtu karibu na sauti.

MzaziKaptembwa

Mwalimu, mimi ni baba wa mtoto wa Gredi ya 2, niko Nakuru. Ploti yetu ina Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na Wajaluo, kwa hiyo watoto wote wanaongea Kiswahili na Sheng. Nilikuwa najipanga kumnunulia binti yangu tableti kwa ajili ya Kiingereza. Katuni za Kiingereza anaangalia sana kwenye simu ya mamake, nyimbo zote anazijua. Lakini nikimuuliza kitu kwa Kiingereza, kimya. Ninunue au nisinunue?

MwalimuNyando

Mzazi mwenzangu, usinunue kwanza. Simu iliyopo nyumbani inatosha, na tatizo ulilolieleza tableti haitaliondoa. Binti yako ameshapata cha kusikia. Hajapata wa kumjibu.

Fanyeni hivi jioni. Chagueni kipande kifupi cha katuni anayoipenda, dakika mbili tu. Kama ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yawasheni, maana kusikia na kuona neno kwa wakati mmoja kunamsaidia kusoma. Kama wanaongea haraka, punguza kasi ya video iwe 0.75, hiyo iko kwenye YouTube yenyewe. Simamisha katikati umuulize: sasa atafanya nini? Akijibu kwa Kiswahili, pokea, kisha mpe sentensi ya Kiingereza aitamke. Usimkatize kumsahihisha kila neno. Halafu mwache amsimulie shangazi au nyanya kwa voisi noti ya WhatsApp. Voisi noti ya dakika moja haifiki hata MB moja, kwa hiyo bando si kisingizio. Atakapojua kuna mtu halisi anasubiri hadithi yake, ataitafuta lugha.

Pesa za tableti nunua vitabu vya hadithi. Zikibaki, nunua spika.

TeacherRhonda

Na mimi niko Nakuru, upande wa Rhonda, Gredi ya 5. Nataka kuongeza jambo la matamshi kwa sababu darasa langu lina kila kabila. Kuna wanaochanganya r na l, kuna wanaosikia p na b kama sauti moja, kuna ambao sh inatoka s. Hakuna mjinga hapo, kila mtoto anakuja na mpangilio wa sauti za lugha ya kwao. Lakini mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto ndani ya dakika 35.

Ninachotumia ni kibodi ya simu inayoandika kwa sauti. Kwenye kibodi ya Google unaingia lugha, unachagua Kiingereza cha Kenya, ambacho kimo kwenye orodha. Kundi la watoto wanne wanasema sentensi, wanaangalia simu imeandika nini. Wakisema "she is washing the dishes" na simu ikaandika kitu kingine, wanarudia polepole, wanabishana wenyewe neno gani limekosewa. Ule ubishi wao ndio ninaoutaka, kwa sababu wanasikiliza sauti moja moja, jambo ambalo hawalifanyi nikiwaambia tu "repeat after me".

Nina masharti mawili. Simu haitoi alama, maana nayo hukosea, na inakosea zaidi kukiwa na kelele. La pili, mtoto hasimamishwi peke yake mbele ya darasa kupimwa na simu. Kicheko cha wenzake kinaweza kumfunga mdomo mwaka mzima.

MwalimuNyando

TeacherRhonda, asante sana. Naongeza jambo ambalo walimu wa Nyanza wachache hulitumia. Kila mara tunasema Mjaluo anasumbuka na sh, sawa. Lakini Kidholuo kina vokali 9 ingawa tunaziandika kwa herufi 5, na zimegawanyika katika makundi mawili, za shina la ulimi lililosogea mbele na za shina la ulimi lililorudi nyuma. Maana yake mtoto wa Kijaluo amezaliwa akisikia tofauti ndogo za vokali ambazo msemaji wa Kiswahili pekee hana. Nikimchezea "ship" na "sheep", au "full" na "fool", naanza kwa kumkumbusha kwamba lugha ya mamake pia ina i mbili. Anakaa wima. Nanasa maneno mawili ya Kidholuo kwa sauti ya mtoto mmoja, nayachezesha, kisha naleta ya Kiingereza. Somo hilo huenda haraka kuliko masomo yangu yote ya matamshi.

MzaziMilimani

Samahani, hapo ndipo mnanipotezea. Tunalipa karo, tunanunua sare, mtoto aende shule kuongea Kidholuo? Sisi ukipatikana unaongea lugha ya mama ulivaa disiki, kile kibao cha aibu, shingoni hadi umpate mwingine anayeiongea. Na Kiingereza tulikijua. Hizi simu na lugha za nyumbani zitawaharibu watoto.

MwalimuNyando

Ndugu yangu, naelewa unachokitaka, na nakitaka pia: mtoto anayesimama mbele ya watu akaongea Kiingereza bila kutetemeka. Lakini nitasema wazi, disiki haikufundisha mtu Kiingereza. Ilifundisha watoto kunyamaza na kuchunguzana. Waliojua Kiingereza walikijua kwa sababu walikuwa na vitabu, au nyumbani kulikuwa na gazeti, au mwalimu aliwazungumzisha. Ambao hawakuwa na hayo waliacha shule, na leo hawaandiki kwenye uzi kama huu kutueleza.

Lugha ya mama ninaitumia dakika chache za mwanzo, ili mtoto aelewe hadithi inahusu nini. Baada ya hapo Kiingereza kinachukua kipindi. Mtoto aliyeelewa kisa kwa lugha yake husikiliza maneno mapya ya Kiingereza. Ambaye hajaelewa kisa husikiliza kelele.

Na teknolojia inasaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Kuna African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini, una hadithi za bure za watoto zenye picha, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kidholuo na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unapakua ukiwa na mtandao, unasoma bila mtandao. Leseni yake inaruhusu kutafsiri, kubadilisha na kuchapisha. Hadithi moja hiyohiyo unaiweka kwa Kidholuo Jumatatu na kwa Kiingereza Jumatano. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kumsomea mtoto ile ya kwanza nyumbani, na shuleni mimi naendelea na ya pili. Wewe mwenyewe jaribu na mtoto wako, ndugu yangu, kisha urudi utuambie.

MkuuVihiga

Mwenzangu, kwa heshima, kufuli za stoo zina sababu. Kifaa kikiibiwa ni mkuu wa shule anayeandika taarifa polisi, ni mkuu wa shule anayesimama mbele ya bodi kujibu. Walimu vijana wanatulaumu kwamba tunafungia vifaa, hawajui barua tulizotia sahihi.

Hata hivyo nakubaliana na wewe juu ya mkono wa mwalimu. Hapa kwetu tulianza na kifaa cha mwalimu peke yake. Kuna daftari, mwalimu anatia sahihi akichukua asubuhi na akirudisha jioni, kifaa kinachajiwa ofisini. Tableti za watoto zinatoka kwa zamu, watoto watano kwa moja, siku iliyopangwa. Hofu imepungua sana, kwa sababu kila mtu anajua kifaa kiko wapi.

Jambo moja nawashauri wakuu wenzangu: Kolibri. Ni programu ya bure. Laptopu moja ya shule inawekwa vitabu, video na mazoezi, kisha vifaa vingine vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani, bila intaneti na bila bando. Mtandao unahitajika siku ya kupakua tu. Mwalimu wa kompyuta alikaa nayo wikendi moja akaimaliza. Kiingereza chake kina hadithi na masomo mengi, lakini lazima mwalimu achague. Mengine yameandikwa kwa watoto wa mazingira tofauti kabisa na ya Vihiga.

FundiKondele

Walimu, mimi si mwalimu, natengeneza simu na redio hapa Kondele, lakini mnaongea mambo ninayoyajua. Msinunue spika ya bluetooth tupu. Nunueni yenye tundu la memori kadi, ili simu ikizima au ikiitwa, somo liendelee. Ikiwa na FM ni vizuri zaidi.

Faili ziwe MP3. Sauti ya mtu anayeongea haihitaji ubora wa muziki, 64 kbps ya mono inatosha. Saa nzima ni kama MB 29. Kadi ya GB 4 inabeba zaidi ya saa 130, yaani masomo ya miaka. Majina ya faili yaanze na namba, 001, 002, 003, kwa sababu spika hizi ndogo nyingi hazina skrini na mwalimu anahesabu kwa kubonyeza.

Spika msiiweke mezani mbele. Iwekeni katikati ya darasa, juu ya dawati, ikielekea juu kidogo. Darasa la mabati mvua ikinyesha, zimeni tu, hakuna spika ya bei hiyo itakayoshindana na mvua ya Kisumu. Na chaji isifike sifuri kila siku, betri hufa mapema. Vile vifaa vya stoo Mwalimu alivyovitaja, vingi viliuawa na kukaa miezi bila chaji, si kwa kutumika.

TeacherRhonda

Fundi, hilo la namba limeniokoa. Nimekuwa natafuta faili darasani watoto wakisubiri.

JuniorBungoma

Mnazungumzia watoto wadogo. Mimi nina Gredi ya 8 Bungoma, shida yangu ni nyingine. Insha inarudi kutoka nyumbani kwa Kiingereza cha ofisi, haina kosa hata moja, na mwanafunzi hawezi kukueleza sentensi yake ya kwanza. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 na programu za namna hiyo ziingie kwenye simu za wazazi, kazi ya nyumbani ya kuandika imekufa. Walimu wenzangu wanataka tupige marufuku. Mimi sitaki, lakini sijapata njia yenye uhakika.

Kwa sasa nafanya hivi: rasimu ya kwanza inaandikwa darasani, kwa kalamu, mbele yangu. Nyumbani ruksa kuuliza mashine, ila kwa jambo moja tu ninalolitaja, kwa mfano nyakati za vitenzi. Akirudi anakuja na rasimu mbili, na ananieleza kwa mdomo, kwa Kiingereza, kwa nini alibadilisha pale na pale. Dakika mbili kwa kila mwanafunzi. Darasa ni kubwa, siwamalizi kwa wiki moja. Lakini katika dakika hizo mbili ndipo nasikia Kiingereza chake cha kweli.

MwalimuNyando

JuniorBungoma, endelea hivyo hivyo, na usikubali marufuku. Mtoto wa mwenye simu ataitumia tu nyumbani, na asiye nayo atabaki nyuma bila kufundishwa jinsi ya kuiuliza.

Mimi mashine hizo nazitumia upande wa mwalimu. Naomba kisa cha maneno 120, kwa sentensi fupi, kuhusu mvuvi wa Dunga anayekarabati wavu, kikitumia maneno kumi ya wiki ambayo tayari nimewafundisha. Kinakuja papo hapo. Kisha nakaa na kalamu nyekundu. Mara nyingi kina neno gumu lisilohitajika, au mvuvi anafanya jambo ambalo mvuvi wa ziwa letu hafanyi. Narekebisha, namwomba mwenzangu wa shule ya jirani akisome kwa sauti, nanasa. Kwa hiyo watoto wanasikia sauti ya Mkenya mwingine anayeongea Kiingereza kwa ufasaha. Hilo nalitetea kwa nguvu. Sauti za London na za Marekani watazisikia baadaye na wazisikie, lakini mtoto wa Gredi ya 2 anahitaji kwanza kujua kwamba Kiingereza kinaweza kutoka kinywani mwa mtu anayefanana na shangazi yake.

MamaWawili_Busia

Nauliza jambo dogo, samahanini. Mwalimu wa mtoto wangu anaweka sauti na video za watoto wakisoma Kiingereza kwenye grupu ya wazazi, wengine wanazipeleka Facebook. Napenda kumsikia mwanangu, lakini sijisikii vizuri. Ni sawa kisheria?

MwalimuNyando

Mama, swali lako si dogo hata kidogo, na kila anayenasa sauti za watoto alisome. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za mtoto, pamoja na sauti na picha yake, zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na zitumike kwa faida ya mtoto. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo una haki ya kusema hapana, na mwalimu hapaswi kukasirika.

Mimi mwanzoni mwa mwaka napeleka karatasi nyumbani kwa lugha mzazi anayoielewa: tutanasa sauti za kusoma, zitachezwa darasani, zitafutwa muhula ukiisha, hazitatoka nje ya shule. Anatia sahihi au hatii. Mtoto asiyeidhinishwa anafanya kazi ileile na mwenzake bila kunaswa. Grupu ya wazazi natuma sauti yangu mimi nikisoma kifungu cha wiki, ili wasikilize nyumbani. Sauti ya mtoto namtumia mzazi wake peke yake.

MkuuVihiga

Hiyo karatasi naomba nakala. Sisi hatukuwa nayo na naona tunaihitaji kabla ya muhula ujao.

MzaziKaptembwa

Nimerudi. Tumejaribu ile ya kusimamisha katuni. Siku za kwanza alikasirika, anataka iendelee. Mimi mwenyewe Kiingereza changu ni cha kubangaiza, nikawa naogopa kumfundisha makosa. Sasa anamtumia nyanyake Molo voisi noti, na nyanya anajibu kwa Kikuyu, anamwambia "ongea tena nisikie". Nyanya haelewi neno lakini anasubiri kila jioni. Swali langu: Kiingereza changu kibovu kitamdhuru?

MwalimuNyando

Hapana, baba. Kazi yako ni kuuliza na kusubiri jibu. Matamshi na sarufi atayapata kwa mwalimu, kwenye katuni na kwenye vitabu. Ukiwa huna uhakika na neno, lifungueni pamoja kwenye kamusi ya simu inayotamka, msikilize wote wawili. Akikuona unatafuta, naye atajua kutafuta. Na mwambie nyanya wa Molo asiache.

MstaafuSiaya

Binti yangu, umesema unatafuta sauti za kunasa. Mimi nina muda na Kiingereza changu bado kiko imara. Nitumie visa vitatu nivisome.

MwalimuNyando

Mwalimu wangu, nashukuru sana. Nakutumia leo jioni. Kila kimoja kisizidi dakika moja na nusu, baada ya kila swali hesabu hadi nne kabla ya kuendelea, na faili uzipe majina 041, 042 na 043, maana hadi 040 zimeshajaa.